Kuunda fremuweki ya CSS bila kuanzia kwenye Sass

Habari za mchana. Mlioko nyuma sogeeni, skrini hii ni ndogo.

Wengi wetu hapa Dar tumeingia kazi hii ya kutengeneza tovuti kupitia Bootstrap, fremuweki ya CSS, yaani seti ya mitindo iliyoandaliwa tayari kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti. Ilitoka Twitter mwaka 2011, ikiwa imeandikwa kwa Less; toleo la 4 likahamia Sass. Zote mbili ni lugha zinazogeuzwa kuwa CSS kabla ya kufika kwenye kivinjari. Ndiyo maana fremuweki ikitajwa tu, mawazo yanakwenda kwenye Sass. Mimi leo napigia debe PostCSS, zana ya kuchakata CSS aliyoianzisha Andrey Sitnik mwaka 2013.

Ukiiweka peke yake, PostCSS haikufanyii lolote. Inasoma CSS yako, inaipanga kama mti wa kanuni na sifa zake, kisha inaiandika upya vilevile. Kazi hufanywa na plagini, yaani viongezo, unazochagua mwenyewe. Ni kapu tupu: ukirudi nalo kutoka Kariakoo limejaa usivyovihitaji, usililaumu kapu.

Sasa tuje kwenye vigeu, yaani majina yanayobeba thamani kama rangi, maana hapa ndipo penye uhondo. Tuseme mna wateja wawili wa mfumo mmoja wa duka. Huyu anataka kijani, yule zambarau. Kigeu cha Sass kinaisha kazi faili linapoandaliwa, kivinjari hakikioni kabisa. Kwa hiyo mnaandaa mafaili mawili, na akija mteja wa tatu, la tatu. Lakini kigeu cha CSS yenyewe, tuseme --rangi-kuu, kinafika mpaka kwenye simu ya mteja. Badilisha mstari mmoja, vitufe vyote vinafuata. Mandhari ya giza nayo unaipata humohumo.

Kuna pa kukwama. Kigeu hicho hakifanyi kazi ndani ya sharti la @media, lile linalobadilisha mitindo kulingana na skrini, kwa hiyo vipimo vya upana wa skrini viachieni plagini ya postcss-custom-media. Halafu kuna watu wanaobana bando kwa kivinjari cha Opera Mini, nacho hakivielewi vigeu hivi. Plagini ya postcss-custom-properties huandika rangi halisi kwenye mstari wa juu, kigeu kikafuata chini yake. Kivinjari kisichoelewa kinabaki na ule wa juu.

Mpangilio wa plagini: postcss-import, inayounganisha mafaili, itangulie, la sivyo plagini nyingine zinaweza kupitwa na yaliyomo kwenye mafaili yanayoingizwa. cssnano, inayobana faili liwe dogo, ikae mwisho. Na Autoprefixer, inayoongeza viambishi vya vivinjari kwenye CSS, msiiachie orodha ya vivinjari ya dunia nzima; kwenye Browserslist, mpangilio wa vivinjari mnavyolenga, andikeni "> 0.5% in TZ", yaani vinavyotumiwa na zaidi ya asilimia 0.5 hapa Tanzania. Tunawajengea watu wa Mbagala, si wa Berlin.

Dada pale ameuliza kama aitupe Sass. Hapana, dada yangu. Kama unazalisha klasi mamia kwa vitanzi (loops), Sass bado inakufaa sana. Itangulize, matokeo yake yapite PostCSS. Bootstrap wenyewe wanafanya hivyohivyo: Sass ikimaliza, Autoprefixer inapokea.