Sifa za Waherero na swali la mama

Mabibi na mabwana, Mherero wa Namibia ana koo mbili. Eanda huipata kwa mama, oruzo kwa baba. Oruzo ndiyo yenye ng'ombe wa mwiko na moto mtakatifu, okuruwo, unaowaka kati ya nyumba kubwa na zizi. Mzee wa moto huonja maziwa kwanza ndipo wengine wanywe. Ng'ombe wengine walifuata eanda: ukifa, anarithi mpwa wako, mtoto wa dada. Mwanao asubiri kwa mjomba wake.

Halafu ukaja mwaka 1904. Baada ya vita vya Ohamakari mwezi Agosti, Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, waliwasukuma Waherero kwenye ukame wa jangwa la Omaheke, na tarehe 2 Oktoba Jenerali von Trotha akatoa amri ya kuwaangamiza. Ng'ombe walitaifishwa, ardhi pia, na mioto mingi ikazimika. Eanda haikuhitaji zizi wala moto. Yatima aliyejua mama yake ni nani alikuwa nayo bado.

Hapo ndipo omitandu zinapoingia. Hizi ni tungo za sifa zinazoghaniwa: za mtu, za ng'ombe, na za mahali, nami za mahali ndizo zinazonishika zaidi. Mghani hataji mandhari tu. Anataja nani aliishi pale, mzaliwa wa nani, nani kazikwa pale, ng'ombe wake wa rangi gani. Watu waliposukumwa kwenye maeneo ya akiba, yaani ardhi waliyotengewa Waafrika, na malisho yao ya zamani yakawa mashamba ya wazungu, waliendelea kughani sifa za mahali palipobaki ng'ambo ya uzio. Ilikuwa hati ya ardhi isiyo na muhuri.

Mwaka 1953 na 1954 Ernst Dammann na mkewe Ruth walirekodi nyingi kati ya hizo. Dammann tunamjua huku kwetu: alikuwa mchungaji Tanga miaka ya 1930, akakusanya tenzi Lamu. Kanda zake ziko Basel, Uswisi. Nashukuru zipo, lakini kanda peke yake haikuambii anayesifiwa ni nani. Ukimtoa mtu anayezijua koo, sifa inabaki sauti tamu tu. Na vitambulisho havisaidii, kwani jina linaloandikwa hufuata baba.

Kila Agosti Waherero hukusanyika Okahandja, alikozikwa Samuel Maharero mwaka 1923. Anayetaka kurekodi aende huko, na kwa kila jina linaloghaniwa aulize: mama yake ni wa eanda gani?