Jiwe Lenye Macho: Samaki-Nge Anavyojificha Mwambani

BI RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Bi Rukia, mwalimu wa bayolojia hapa Unguja, na nipo na Salim, mzamiaji anayewatembeza watu chini ya maji. Salim mwanangu, leo tumchukue yule samaki unayemwona wewe na wenzako hawamwoni.

SALIM: Waalaykumu salaam, na shikamoo Bi Rukia.

BI RUKIA: Marahaba.

SALIM: Samaki-nge. Huyu nampenda kupita papa, na nasema kwa dhati. Nashuka na mgeni, nanyoosha kidole, namwambia kwa ishara: pale. Anatazama. Naona macho yake yanazunguka ndani ya miwani. Kidole changu kiko shubiri moja tu kutoka kwa samaki, na samaki mwenyewe ni mkubwa, lakini mgeni anaona mwamba tu. Kwa hiyo siku hizi kabla hatujaingia majini nawaambia: msitafute samaki, tafuteni mdomo. Mdomo mpana uliopinda kwenda chini, kama mtu aliyenuna. Ukiupata mdomo utaliona jicho, ukiliona jicho mwili wote unajitokeza.

BI RUKIA: Na kuna sababu kwa nini mdomo ndio unaomfichua. Kila kitu kingine amekivuruga. Samaki wa kawaida, changu au kolekole, unamtambua kwa mstari wa mgongo, kwa ubavu unaong'aa, na kwa jicho jeusi la duara. Samaki-nge vyote vitatu kaviondoa. Ana vinyama vinavyoning'inia kidevuni, juu ya macho na ubavuni, basi huoni mwili unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi. Mabaka meusi na meupe yanamkata katikati, hata anayemtazama hakiunganishi kichwa na mkia. Na lile jicho ambalo kwa samaki wengine lingemsaliti, yeye kalipitishia michirizi inayoanzia usoni, ikaingia kwenye jicho na kutokea upande wa pili.

SALIM: Lakini mdomo hawezi kuuficha.

BI RUKIA: Mdomo ndio kazi yake. Anaishi kwa kuvizia. Samaki mdogo au kamba anapita karibu, mdomo unafunguka ghafla, maji yanavutwa ndani na windo linakwenda nayo. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Jicho la binadamu haliwahi.

SALIM: Mimi ninachokiona ni kwamba palikuwa na kisamaki na sasa hakipo. Samaki-nge kakaa vilevile, labda vumbi kidogo la mchanga.

BI RUKIA: Sasa hapo nataka tusimame, maana watu wengi wanalikosea jambo hili. Wanadhani anajificha kwa sababu anaogopa. Kujificha kunaweza kumsaidia asiliwe, sikatai, lakini kazi kubwa ni kula. Anajificha ili chakula kimfuate. Kujilinda ana njia nyingine, ile miiba, tutaifikia.

SALIM: Na rangi je? Namwona mmoja mwekundu, mwingine wa kahawia, mwingine zambarau na madoa meupe, na naambiwa ni aina moja.

BI RUKIA: Inawezekana kabisa. Kuna mabadiliko ya polepole, samaki akikaa mahali anafanana napo, na kuna ya haraka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walitoa matokeo kuhusu aina mbili za samaki-nge wa Bahari ya Mediterania. Waliwahamisha kutoka sakafu ya rangi moja kwenda nyingine na kuwapima. Ngozi ilianza kubadilika ndani ya dakika moja. Ngozi ina seli zenye chembe za rangi. Chembe zikisambaa ndani ya seli, rangi inakolea. Zikijikusanya katikati, inafifia.

SALIM: Dakika moja! Basi ndiyo maana nikitoka kuangalia kipimo cha hewa na kurudi, namtafuta upya.

BI RUKIA: Na ule wekundu unaousema, kuna fizikia ndani yake. Maji humeza mwanga mwekundu mapema, ukishuka mita kumi hivi umebaki kidogo sana.

SALIM: Hilo naliona kila nikiwasha tochi. Chini kule ni kitu cha kijivu, cha udongo udongo. Ukimmulika, anawaka mwekundu kama pilipili hoho. Mgeni anashtuka mpaka mapovu yanamtoka mengi. Ukizima tochi, hayupo tena.

BI RUKIA: Kwa hiyo kwenye kina, wekundu ni vazi la giza. Na kwenye maji mafupi, mwamba wenyewe una mwani mwekundu mgumu unaotambaa juu ya mawe kama rangi iliyopakwa, basi pale pia anafaa. Sehemu zote mbili vazi ni lilelile.

SALIM: Yule mdogo je, mwembamba kama jani? Huyu nikimpata siku hiyo nimefurahi.

BI RUKIA: Kisayansi anaitwa Taenianotus triacanthus. Urefu wake haufiki zaidi ya sentimita kumi, ubapa mtupu. Huyu anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Galápagos upande wa pili wa Pasifiki. Mwambie msikilizaji anafanyaje.

SALIM: Anayumba. Wimbi likivuta, majani ya mwani yanalala upande mmoja, naye analala nayo. Likirudi, anarudi. Wengine wa jamii yake wanatulia tuli, huyu angetulia angeonekana, maana kila kitu kinachomzunguka kinacheza. Na anakaa mahali pamoja muda mrefu. Ukimkuta leo, rudi wiki ijayo, umtafute palepale kwanza.

BI RUKIA: Na anajivua gamba la juu la ngozi. Kila baada ya muda, wiki chache, utando wa nje unapasuka kuanzia kichwani na kutoka, kama nyoka. Sababu ni rahisi: ukikaa baharini bila kusogea, bahari inakuotea. Mwani unakuota, vijidudu vinakuganda. Huyu anavivua vyote na utando wake.

SALIM: Lakini ndugu yake, samaki-jiwe, haoni shida kuotewa.

BI RUKIA: Samaki-jiwe anakaribisha! Synanceia verrucosa, huyu wetu wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki mpaka Polinesia. Hana magamba. Ngozi ni vinundu vinundu vyenye tezi zinazotoa utelezi, na mwani na uchafu wa bahari vinashika pale. Mapezi yake ya ubavuni ni mapana, anayatumia kama koleo kujizika mchangani mpaka yabaki macho na mdomo, vyote vikitazama juu. Anaweza kufika sentimita arobaini, na wewe ukapita ukasema ni jiwe lililoota mwani.

SALIM: Kuna mmoja mwingine nimemsoma tu, wa Hawaii, anayejitengenezea chambo.

BI RUKIA: Iracundus signifer. Pezi lake la mgongoni akilisimamisha linafanana na kisamaki, lina hata doa mithili ya jicho na uwazi mithili ya mdomo. Analitikisa, samaki wengine wanasogea kutazama. Tabia hiyo ilielezwa na watafiti mwaka 1973. Mwili umefichwa, chambo kimeanikwa.

SALIM: Allah ana uwezo.

BI RUKIA: Hakika. Tuje kwenye miiba sasa, kwa sababu kuna mama zetu wanatusikiliza, na bamvua likija wanashuka pwani.

SALIM: Tuliseme hili kwa kituo.

BI RUKIA: Samaki-jiwe ana miiba kumi na mitatu mgongoni. Kila mwiba una mifereji miwili na tezi mbili za sumu, umevikwa ngozi nene. Yeye hakufuati wala hakupigi. Mguu wako ukikanyaga, ile ngozi inasukumwa chini, tezi zinaminywa, sumu inapanda kwenye mifereji na kuingia mguuni. Kinachoisukuma ni uzito wako mwenyewe. Na hakimbii, kwa sababu maisha yake yote yamejengwa juu ya kutokimbia. Samaki mwingine angesikia hatua na kutoroka. Huyu anaamini maficho yake mpaka mwisho.

SALIM: Na maji yakitoka anabaki palepale. Kwenye vidimbwi, kwenye mchanga wenye unyevu. Anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi na asife. Wachokoaji pweza na akina mama wa mashamba ya mwani wanatembea hapohapo. Kilimo hiki kimekuwepo mwambao wa mashariki tangu mwaka 1989, Paje, Jambiani, ni maelfu ya miguu hiyo. Kandambili hazisaidii, mwiba unapita.

BI RUKIA: Viatu vya soli nene na ngumu, hivyo ni bora kuliko chochote, ingawa si kinga kamili. Na fimbo. Gusa kwa fimbo kabla ya kuweka mguu, hasa penye mawe na nyasi za bahari. Usitie mkono chini ya jiwe usiloliona.

SALIM: Ikishatokea, Bi Rukia?

BI RUKIA: Maji ya moto. Sumu hii ni protini, na joto linaiharibu, basi tunaitumia sifa hiyo. Toa mtu majini kwanza, asije akazirai ndani. Toa kipande cha mwiba kama kinaonekana na kinatoka kwa urahisi. Kisha tia mguu kwenye maji ya moto kiasi cha nyuzi 45 za Selsiasi, moto wa kuvumilika, si wa kuunguza. Na anayepima joto awe mtu mwingine, au mgonjwa apime kwa mguu mzima, kwa sababu mguu ulioumia hausikii sawasawa na unaweza kuungua mtu asijue. Dakika thelathini mpaka tisini, ukiongeza maji ya moto yanapopoa. Halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Kuna jeraha la kusafishwa, kuna sindano ya pepopunda, kuna moyo na pumzi vya kuangaliwa.

SALIM: Na yasiyofanywa?

BI RUKIA: Usichanje kwa wembe. Usinyonye. Usifunge kamba ya kubana mguu.

SALIM: Mimi naomba kila boti, kila kikundi kinachokwenda mwambani, kibebe chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Si gharama. Maumivu ya samaki-jiwe nimeyashuhudia kwa mtu mzima, mvuvi mwenye nguvu zake, analia na kugaagaa.

BI RUKIA: Ipo pia dawa ya kuzuia sumu, ilitengenezwa Australia mwaka 1959 kwa kutumia damu ya farasi. Inasaidia walio na hali mbaya. Lakini dawa iko hospitali, chupa ya chai iko mkononi mwako.

SALIM: Niongeze la wavuvi wa nyavu. Samaki-nge akifa, sumu haifi naye papo hapo. Miiba inachoma akiwa sakafuni mwa ngalawa. Mtoto anayesaidia kuchambua wavu aambiwe hivyo.

BI RUKIA: Nyama lakini haina neno. Wafaransa wa Marseille wanampika kwenye mchuzi wao maarufu wa samaki. Miiba ikiondolewa kwa uangalifu, ni samaki mtamu.

SALIM: Kabla hatujafunga, nina jambo na wenzangu wenye kamera. Samaki-nge mmoja, Scorpaenopsis diabolus, ndani ya mapezi yake ya ubavuni ana rangi ya chungwa na njano kali. Akitulia, rangi hizo zimelala chini, hazionekani. Akisumbuliwa, anayafunua ghafla. Basi kuna wapigapicha wanaomchokoa kwa kijiti ili apate kuyafunua. Anahama, wanamfuata, wanamchokoa tena.

BI RUKIA: Ile ni ishara ya onyo. Anasema mimi nina sumu, niache.

SALIM: Naye kapoteza mahali alipopachagua, na windo alilokuwa akilingoja limekwisha. Mimi nimeacha kuwapeleka watu wenye vijiti. Kaa mbali kidogo, tuliza pumzi, piga picha yake akiwa amejificha. Hiyo ndiyo picha ngumu.

BI RUKIA: Wasikilizaji, kama mnamfahamu samaki huyu kwa jina la kwenu, Pemba, Mafia, Lamu, Wasini, tuandikieni. Kipindi kijacho tutakuwa na pweza.

SALIM: Inshallah. Kwaherini.