Kiberiti Gizani: Riwaya za Upelelezi Zilizosahaulika

Asha: Hamjambo wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo kaka Salim kaingia na vitabu viwili, kavikumbatia, hataki hata kuviweka mezani. Haya kaka, tuoneshe.

Salim: Dada Asha, jana sikulala. Hiki hapa, *Murder by Matchlight*, cha mwaka 1945. Hebu vuta picha: London wakati wa vita, taa zote za mji zimezimwa kwa kuhofia ndege za Wajerumani. Kijana mmoja kakaa kwenye benchi pale Regent's Park, giza totoro. Mara mtu aliye kwenye kidaraja anawasha kiberiti. Kwa mwanga ule kijana anauona uso wake, na nyuma yake, uso mwingine. Kiberiti kinazimika. Kinasikika kishindo. Na hakusikia hatua za mtu yeyote akisogea.

Asha: Yaani ushahidi wote ni njiti moja ya kiberiti?

Salim: Njiti moja! Na Inspekta Mkuu Macdonald inabidi aanzie hapo. Nampenda sana huyu Macdonald. Mtulivu, anasikiliza watu, hajigambi. Nimefunga kitabu saa tisa usiku nikajiuliza, mbona mwandishi huyu sikuwahi kumsikia?

Asha: Nani?

Salim: E. C. R. Lorac.

Asha: Mmh, hata mimi simjui. Agatha Christie ndiyo, nani asiyemjua.

Salim: Ndipo penye uchungu wangu. Lorac ni mwanamke, Edith Caroline Rivett, alizaliwa 1894 akafariki 1958. Sasa chukua jina Carol, lisome kutoka nyuma.

Asha: L, o, r, a... Lorac! Kumbe!

Salim: Kaandika riwaya zaidi ya 60. Alipokelewa kwenye Detection Club, klabu ya waandishi wa upelelezi iliyoanzishwa London mwaka 1930, rais wake wa kwanza G. K. Chesterton. Christie alikuwemo, Dorothy L. Sayers alikuwemo. Huyu mama alikaa nao meza moja. Alipokufa, taratibu vitabu vyake vikatoweka madukani.

Asha: Lakini kaka, vitabu 60 vinapoteaje? Labda havikuwa vizuri?

Salim: Vingine vilikuwa vya kawaida, sikatai. Enzi ile kulikuwa na waandishi wanaokuzungusha kwenye ratiba za treni mpaka unasinzia. Lakini ubaya sio uliovipoteza. Wasomaji wengi wa Uingereza wa miaka ya 1930 hawakununua riwaya, waliazima. Boots, duka la dawa, lilikuwa na maktaba zake za kuazimisha. Mitaani kulikuwa na viduka unalipa peni 2 unaondoka na kitabu. Kinapita mikono hamsini, kinachanika, kinatupwa. Nyumbani hakuna aliyebaki na nakala. Halafu vita. Karatasi ikawa ya mgao. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu yaliangukia Paternoster Row, mtaa wa wachapishaji na wauza vitabu, vikateketea vitabu kwa mamilioni.

Asha: Usiku mmoja?

Salim: Usiku mmoja.

Asha: Unajua umenikumbusha nini? Nikiwa sekondari nilinunua riwaya ya mtumba kando ya barabara. Ya upelelezi, ya Kiingereza. Jalada hakina, limeng'oka zamani. Nikasoma siku tatu, nafika pale mpelelezi kawakusanya washukiwa wote sebuleni, anasema muuaji yumo humu ndani. Nageuza ukurasa, hakuna kitu. Kurasa za mwisho zimenyofolewa. Mpaka leo muuaji simjui, na kwa vile jalada halikuwepo, jina la kitabu pia silijui. Siwezi hata kukitafuta.

Salim: Pole dada. Basi hivyo ndivyo vilivyopotea, kimoja kimoja. Ila Waingereza walikuwa na sheria: kila mchapishaji apeleke nakala moja ya kila kitabu maktaba ya taifa, enzi hizo ikiwa ndani ya British Museum, leo inaitwa British Library. Kwa hiyo kitabu kimekufa sokoni, lakini nakala ipo rafuni, inasubiri. Miaka ya 2010 maktaba hiyo ikaanza kuvitoa upya. Mshauri wao ni Martin Edwards, mwenyewe mwandishi wa riwaya za upelelezi, anachagua na kuandika utangulizi. Majalada wametumia mabango ya zamani ya reli, mazuri kweli.

Asha: Hapo nami nina la kusema, maana *Mystery in White* nimekisoma! Cha J. Jefferson Farjeon, cha 1937. Mkesha wa Krismasi, treni imekwama kwenye theluji. Abiria kadhaa wanashuka, wanapotea njia, wanaikuta nyumba. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ndani moto unawaka, meza ya chai imeandaliwa. Mtu hakuna. Wanaita, kimya. Mimi pale nilisimamisha kusoma, nikaenda kukagua mlango wangu.

Salim: Na hicho ndicho kilichofungua njia. Kilirudishwa sokoni 2014, kikauzwa Krismasi ile makumi ya maelfu ya nakala. Farjeon alikufa 1955, hakuona.

Asha: Nilichokipenda ni ule uaminifu. Kila anachokiona mpelelezi nawe unakiona, hufichwi. Ukishindwa umeshindwa kihalali. Ladha hiyo naijua tangu Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zetu za Kiswahili.

Salim: Eeh! Mwandishi wake Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na Najum pembeni anauliza yale ambayo sisi wasomaji tungeuliza.

Asha: Najum nampenda kuliko Bwana Msa, nisamehe. Haya, na hicho cha pili ulichokishika?

Salim: Hiki ndicho kilichonileta leo. *Two-Way Murder*. Lorac alipofariki aliacha mswada umepigwa taipu, haujawahi kuchapishwa. Umetoka kitabu mara ya kwanza mwaka 2021. Miaka 63, dada. Wale waliompenda enzi zake, waliokuwa wakienda kuazima kila Jumamosi, hakuna aliyewahi kuusoma.

Asha: Wewe umeshausoma?

Salim: Mara mbili.

Asha: Basi nipe, na muuaji usinitajie. Kina kurasa zote?

Salim: Zote mpaka ya mwisho. Nimekukagulia.