Nyumba Isiyo na Warithi: Mhadhara kwa Wanaotafuta Nyumba Dar es Salaam

Mwenyekiti, viongozi wa chama chetu cha akiba na mikopo, kaka na dada zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie faida za kununua nyumba mpya, na najua wengine mmekuja mkitegemea habari za vigae, gipsamu na jiko la kisasa. Hayo mtayakuta kwenye vipeperushi vya wauzaji. Mimi ni mthamini wa majengo, na nyumba nyingi zinazosumbua watu mjini hapa hazina ufa hata mmoja. Shida yake iko kwenye makaratasi.

Faida kubwa ya nyumba mpya ni kwamba hakuna aliyewahi kuishi humo. Hakuna aliyefariki akaacha wake wawili na watoto waliotawanyika Tanga, Mwanza na Muscat. Ukienda kununua nyumba ya zamani Magomeni au Ilala, kaka mkubwa atakuonesha vyumba na kukutajia bei kwa kujiamini kabisa. Muulize barua ya usimamizi wa mirathi. Kama mahakama haijamteua, huyo hana cha kukuuzia, hata kama amezaliwa katika chumba kile. Na hata aliyeteuliwa, ndugu zake wasiporidhika na mgawo, kesi huanza na wewe unavutwa ndani yake.

Muuzaji akiwa hai, bado kuna mwenza wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalinda nyumba ya ndoa. Mume hawezi kuiuza kimya kimya mke asijue, wala mke kwa mume. Ongeza mpangaji aliyekwishalipa kodi ya mwaka mzima na hana mpango wa kuhama, bili ya maji ambayo kila mtu anasema ni ya mwenzake, na kodi ya ardhi ambayo haijalipwa tangu mzee astaafu. Afadhali kodi ya majengo, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, unaponunua umeme.

Kwenye nyumba mpya unakabiliana na muuzaji mmoja, mwenye ofisi na mkataba. Hapo umeokoa usingizi mwingi.

Lakini nyumba ikiwa mpya, ardhi yake si mpya. Chini ya kila mtaa wa Kigamboni au Bunju palikuwa na mikorosho ya mtu. Alilipwa fidia? Kiwanja kimo kwenye mchoro wa mipango miji uliopitishwa? Kiko nje ya hifadhi ya barabara? Mnakumbuka bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Tingatinga halikuuliza nyumba ina umri gani. Kwa hiyo fanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kulipa hata shilingi, na anayekwambia upekuzi unachelewesha biashara, muage.

Kwa wanaotaka ghorofani, tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo unapata hati ya sehemu yako peke yake, pamoja na hisa katika ngazi, lifti na maegesho. Uliza hati hiyo itatoka lini. Jengo likiwa bado lina hati moja ya mwenye kiwanja, mkononi una mkataba tu.

Sasa tuje kwenye jengo lenyewe. Nyumba nyingi za zamani zilitandikwa nyaya za kuwasha taa, redio na pengine feni. Leo mnataka viyoyozi vitatu, friji, hita ya maji ya kuoga na pampu. Fundi ataongeza soketi, lakini waya ulioko ukutani ni uleule mwembamba, na siku moja utanuka. Mabomba ya chuma yameliwa na maji ya chumvi ya visima vyetu. Huku pwani, Msasani hadi Mbezi Beach, hewa ya bahari hupenya zege lililofunika nondo kidogo, nondo inashika kutu, inavimba, kisha zege linabanduka vipande vipande kwenye dari. Ukiona dari imepakwa rangi juzi na kuta hazikupakwa, simama hapo uitazame vizuri. Kota za zamani nyingine bado zina bati za asbesto, na kuziondoa ni kazi ya watu wenye vifaa vyake, si vibarua wa kuokota barabarani. Gharama zote hizo haziandikwi kwenye bei ya kuuzia.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mimi nitajenga mwenyewe, kidogo kidogo. Ndivyo tulivyozoea, na siwadharau. Lakini hesabu ya boma, yaani nyumba ambayo haijakamilika, huwa tunaidanganya. Tunahesabu tofali, saruji, nondo na ujira wa fundi. Hatuhesabu kodi ya nyumba tunayoendelea kulipa miaka yote hiyo, saruji iliyoganda stoo, mbao zilizotembea usiku, wala zile Jumamosi zote za kumsimamia fundi. Tena benki hukopesha kwa urahisi zaidi nyumba iliyokamilika yenye hati kuliko boma lisilopauliwa. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ilipata nguvu baada ya sheria nyingine ya mwaka 2008, ile ya mikopo ya nyumba, na kuanzishwa mwaka 2010 kwa TMRC, kampuni inayozipa benki fedha za kukopesha kwa miaka mingi. Riba bado si ya kuchezea, kwa hiyo piga hesabu ya mwisho wa mkopo, usiangalie makato ya mwezi wa kwanza tu.

Kuhusu bei, ulizeni kama VAT imo ndani. Nyumba mpya ikiuzwa mara ya kwanza inaweza kubeba asilimia 18, isipokuwa ile iliyosamehewa kisheria. Kwa nyumba ya mamilioni, swali hilo dogo lina thamani ya gari.

Kununua kwa ramani, nyumba haijasimama, mimi nakushauri ukiwa na moyo mgumu tu. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, miradi yake ya Morocco Square na Kawe 711 ilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kuendelea. Kama shirika la umma linakwama, kampuni ya juzi je? Na upya si uimara. Ghorofa lililoanguka katikati ya jiji Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa bado linajengwa. Tazama kibao cha mradi, chukua jina la mkandarasi na la msanifu, kisha ukaulize kwenye bodi zao kama wamesajiliwa. Halafu nenda eneo lenyewe wakati wa masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, uone maji yanaelekea wapi.

La mwisho ni siku ya makabidhiano, ambayo watu wengi huifanya sherehe. Mkataba wako uwe na kipindi cha matazamio, ambacho ndani yake mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake. Mwenye nyumba ya zamani hawezi kukupa kitu hicho. Siku hiyo njoo na fundi wako. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta maji vyooni, jaribu kila soketi, mwaga ndoo ya maji bafuni uone kama yanakwenda kwenye tundu au yanakuja mlangoni. Andika kila kasoro, msimamizi asaini, nakala ibaki kwako, ndipo upokee funguo.