Jinsi ya kudizaini apu ya kufundisha lugha, iwe gemu kweli na mtu ajifunze kweli

Niaje wadau, karibuni tena. Leo tunadizaini apu ya kufundisha lugha, na kabla hujafungua Figma, ile programu ya kuchorea skrini za apu, chukua karatasi na kalamu, sitanii. Mi ya kwanza nilianza na rangi, katuni ya kasuku, sarafu zinadondoka ukipatia, nikampa mpwa wangu ajaribu, dogo akamaliza masomo kumi fasta nikajiona fundi. Kumuuliza neno moja, hana. Kumbe kashtukia kwamba jibu sahihi mi nalifanyaga refu kuliko mengine, so anabonyeza refu tu, hasomi chochote.

Haya, hatua ya kwanza, andika mtu akimaliza ataweza kufanya nini. Sio "atajua vitenzi", andika kitendo, ataweza kujitambulisha, ataweza kuuliza njia. Ukikwama angalia ngazi za CEFR za kupima mtu anaijua lugha kiasi gani, zile A1 mpaka C2 za Baraza la Ulaya za mwaka 2001, zimeandikwa hivyohivyo, "anaweza kufanya hiki". Anza na A1, usiwe na tamaa.

Ya pili ndo yenye kazi. Tuseme apu inafundisha Kiswahili, usimmwagie mtu ngeli zote skrini moja atakimbia, chukua KI-VI peke yake. Skrini ya kwanza ina picha ya kiti, sauti inasema "kiti kimevunjika". Akikigusa vinakuwa vitatu na maneno yanageuka hapohapo anaona, "viti vimevunjika", ki zote mbili zinakuwa vi kwa mpigo. Hujamweleza kanuni yoyote lakini kaiona. Skrini inayofuata kuna visu viwili na sentensi ina pengo, "visu ...mepotea", aburute silabi mwenyewe. Akiweka ki, visu vinagoma, vinarudi nyuma. Akiweka vi vinaingia mahali pake na sauti inasoma sentensi nzima. (Kifaru mwache kwanza, yeye ni mnyama, tunasema kifaru amelala, hiyo ni somo la mbele huko.)

Na hapa nina kipimo changu, futa maneno yote kwenye mchezo weka xxx, kama mtu bado anaweza kushinda basi hapo hujatengeneza somo, umetengeneza sarafu zinazodondoka. Rudia.

Ya tatu, marudio. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alishaonyesha tangu 1885 kwamba tukijifunza kitu tunasahau haraka sana mwanzoni halafu kasi inapungua. Leitner, mwandishi wa mambo ya sayansi, mwaka 1972 akaja na visanduku vya kadi, na hiyo ndo utaiga. Kila neno lipe namba 1 mpaka 5, akipatia linapanda, akikosea linarudi 1. Mi huwa naweka lirudi kulingana na namba yake, baada ya siku 1, 2, 4, 8 na 16, we jaribu uone watu wako wanaendaje.

Ya nne, makosa ya kuandika. Wengi wanaweka kipimo cha Levenshtein, kinahesabu herufi ngapi zimeongezwa, zimeachwa au zimebadilishwa, ikiwa moja wanasamehe. Sasa angalia mtego, kiti na viti vimetofautiana herufi moja! Anasoma na wanasoma, herufi moja! Ukisamehe hapo umemfuta mtu somo zima bila kujua. Kwahiyo samehe kwenye shina, "kimevujika" mpitishe ila muonyeshe n iliyodondoka, lakini kiambishi cha mwanzo usisamehe hata siku moja.

Pointi, beji, siku mfululizo, hizo weka mwishoni kabisa na usizidishe, mtu akikosa siku moja mpe nafasi ya kufidia, na zile notifikesheni za kulialia "umenisahau" achana nazo bana zinakera.

Ya mwisho, majaribio. Mpe mtu mmoja simu, kaa pembeni, funga mdomo. Utatamani sana kumwambia "bonyeza pale", usimwambie, andika tu kakwama wapi, maana watu wakiishusha apu wenyewe hutakuwepo kuwaonyesha. Akimaliza usimuulize kama kaipenda, atakwambia nzuri hata kama mbaya. Mtafute kesho yake, ficha visu viwili, muulize vimefanyaje.