Beberu na Komeo

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mwenzangu leo ana macho mekundu, msimuulize kitu.

SHAIBU: Aa, waniulize! Juzi saa tisa usiku nimeamshwa na kishindo cha debe. Natoka na tochi, lango la zizi liko wazi, kondoo wote kumi na mmoja wako stoo ya chakula, na beberu kapanda juu ya gunia la pumba.

ZUHURA: Yule yule?

SHAIBU: Wa pembe moja, ndiyo.

ZUHURA: Fundi Kitasa! Jamani, mnamkumbuka.

SHAIBU: Na safari hii kafungua komeo la chuma, lile la kusukuma pembeni. Nimelishika nikakuta lina mate, bado mabichi. Anaking'ata kile kishikio, anavuta. Kondoo wenyewe hawana habari na komeo, wao akitangulia mmoja wanafuata.

ZUHURA: Unacheka, lakini pumba nyingi kwa mkupuo mmoja zinaua.

SHAIBU: Nani kacheka? Tumbo linajaa asidi, mnyama analala haamki. Nimekaa nao mpaka kumekucha, nawapapasa ubavu wa kushoto mmoja mmoja. Namshukuru Mungu, wamepona.

ZUHURA: Beberu je?

SHAIBU: Huyo alikuwa anacheua tu, ananitazama kama mimi ndiye nimeingia kwake bila hodi.

ZUHURA: Fundi anapumzika baada ya kazi. Sasa, mada yetu ni banda la kondoo, na nimeandika karatasi: mahali pa kujenga, sakafu, hewa, hori, lango. Mambo matano.

SHAIBU: Tuanze na lango.

ZUHURA: Lango la mwisho. Tuanze na sakafu, maana wewe na matope yako…

SHAIBU: Siyo matope, ni matandiko. Ardhi iliyoshindiliwa, ina mteremko kidogo, juu nyasi kavu. Zikilowa naongeza nyingine. Kondoo analala pa joto, na samadi napata ya kutosha.

ZUHURA: Na msimu wa mvua ulikata kwato mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Nani alikushikia hao kondoo?

SHAIBU: Wewe, dada yangu, na sijasahau.

ZUHURA: Kwato ikishinda kwenye unyevu inaoza, hiyo haina mjadala. Mimi nataka kichanja, sakafu ya mbao zilizoachana: kimeinuka, kinyesi kinadondoka chini, mkojo unadondoka, mnyama yuko pakavu.

SHAIBU: Na upepo unampiga tumboni usiku kucha. Mwanakondoo wa siku mbili! Halafu yule wako aliyenasa mguu?

ZUHURA: Mwanya kati ya mbao ulikuwa sentimita 3. Unatakiwa 1.5, ukizidi sana 2. Lilikuwa kosa la fundi.

SHAIBU: Fundi alikuwa nani?

ZUHURA: …Fundi nilikuwa mimi. Lakini kosa ni la kipimo, siyo la kichanja!

SHAIBU: Basi na mimi kosa langu lilikuwa uvivu wa kubadilisha nyasi, siyo la ardhi.

ZUHURA: Ndiyo hapo sasa! Mfumo unaomtegemea mtu asiwe mvivu, mimi siutaki.

SHAIBU: Na mimi sitaki unaomtegemea mtu ajue kupima.

ZUHURA: Sikubali.

SHAIBU: Usikubali.

ZUHURA: Twende kwenye hewa, nisije nikakutukana. Ukitaka kujua banda lako likoje, usisimame mlangoni. Ingia asubuhi kabla hujafungua, uchuchumae, pua yako iwe usawa wa pua ya kondoo, ukae hapo dakika mbili tatu. Macho yakianza kuwasha, ujue wao wanaivuta hewa hiyo usiku mzima, halafu unashangaa wanakohoa.

SHAIBU: Hapo nakubali. Matundu ya hewa yawe juu, yapite vichwa vyao.

ZUHURA: Na nafasi: mita 1 hadi 1.5 za mraba kwa kondoo mkubwa mmoja. Mwenye mimba apate zaidi.

SHAIBU: Mwenye ufundi wa vitasa apate selo yake.

ZUHURA: Kweli lakini, mtenge. Hata mawe ya chumvi ya kulamba, yeye na kondoo wasichangie, yale ya mbuzi mara nyingi yana shaba, na shaba kwa kondoo ni sumu.

SHAIBU: Nimtenge kwa komeo gani sasa? Hilo ndilo swali langu la wiki.

ZUHURA: Liweke upande wa nje, chini kabisa, mdomo usifike.

SHAIBU: Anapiga magoti.

ZUHURA: Anapiga magoti?

SHAIBU: Zuhura, nimemwona kwa macho yangu.

ZUHURA: Mnyororo na kulabu ya kubana, basi. Ile inataka kidole gumba.

SHAIBU: Kwa sasa.

ZUHURA: Nimeonyeshwa saa hapa, zimebaki dakika mbili. Hori hatujaligusa, mahali pa kujenga hatujapagusa.

SHAIBU: Lango tumeligusa.

ZUHURA: Beberu ndiye kaligusa! Karatasi naikunja, itasubiri wiki ijayo. Na kichanja bado ni bora.

SHAIBU: Matandiko. Kwaherini.