Mahindi Yaliyoungua Ni ya Nani?

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitaanzia wapi, na nitaanzia hapo hapo, kwa sababu bado naletewa kesi zile zile.

Umekwenda godauni pale soko la Kongowea, Mombasa. Umeyaona magunia 30 ya mahindi, umetia mkono ndani, umeng'ata punje, umeridhika. Bei mmepatana kwa gunia. Umetoa arbuni, yaani pesa ya kufunga mapatano, shilingi 2,000, umeyapiga magunia yako alama ya chaki, ukasema, "Kesho naleta lori." Usiku godauni linaungua, wala si uzembe wa mwenyewe, moto umetoka kwa jirani. Hasara ya nani?

Wengi mnamnyooshea kidole muuzaji. Mahindi yako kwake, ufunguo anao yeye, pesa hajamaliziwa. Sivyo! Hasara ni yako wewe mnunuzi, na salio utadaiwa. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, kinasema bidhaa ikishajulikana ni ipi, ikawa tayari kuchukuliwa, na mapatano hayana sharti, basi umiliki wa mali unahama pale pale mnapopatana, hata kama kulipa na kuchukua ni baadaye. Kifungu cha 22 kinamalizia: hasara humfuata mwenye mali.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Bei ni kwa kilo, na muuzaji ndiye wa kupima kesho ili jumla ijulikane. Moto ule ule, magunia yale yale, lakini hasara ni ya muuzaji, maana umiliki hauhami mpaka mali ipimwe na wewe ujulishwe. Mizani, ndugu zangu! Mizani imeamua nani aamke hana kitu.

Mtu ataniambia, "Wakili, sisi hatukuzungumza habari za moto." Hapo ndipo penye tofauti ninayoipigia kelele miaka yote. Kanuni za mikataba ya kawaida, tulizozichukua kwa Waingereza kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, zinakuuliza mlikubaliana nini. Mkilinyamazia jambo, mara nyingi nazo hunyamaza. Sura ya 31, ya uuzaji wa bidhaa, hainyamazi. Penye kimya chenu inasema yenyewe. Hata bei msipoitaja, itamtaka mnunuzi alipe bei ya kadiri.

Na arbuni sikuitaja bure. Ukipatana na fundi akupakie nyumba rangi, maneno ya mdomo yanatosha kumshtaki. Bidhaa za shilingi 200 kwenda juu, mdomo mtupu hautoshi: pawe na arbuni, au malipo ya sehemu, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya mzigo, au maandishi yenye sahihi ya anayedaiwa. Shilingi 200! Leo mzigo gani wa biashara uko chini ya hapo? Mali bila daftari hupotea bila habari, mnalijua hilo, na daftari mnalo. Mnaandika magunia na bei, hamwandiki nani abebe hasara mpaka lori lifike. Sentensi moja kwenye risiti yatosha. Sheria inawaruhusu kupatana vingine, na wachache mno mnafanya hivyo.

Ubora nitaupitia mbio. Uingereza, katika kesi ya Frost ya 1905, familia iliuziwa maziwa yenye vijidudu vya homa ya matumbo, na mke akafa. Muuzaji akajitetea kwamba hakuna uangalifu wowote ambao ungevigundua. Akashindwa. Fundi au daktari kwa kawaida anadaiwa uangalifu katika kazi yake. Muuzaji anadaiwa bidhaa yenyewe iwe nzima. Kifungu chetu cha 16 kimetoka kwenye sheria ile ile ya Kiingereza iliyoamua kesi hiyo, ya 1893. Wauza spea, wauza maziwa, hicho ni chenu.

Na bango lile la "Mali ikiuzwa hairudishwi": kwa mteja anayenunua kwa matumizi ya nyumbani, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 imelibatilisha kila linapotaka kumnyima haki hizo za ubora. Libandueni.